Mwalimu wa Umeme Katika Shule Isiyo na Umeme

Juzi nilikwenda Nkololo kumwona shangazi yangu. Tulipoingia jikoni kwake alinyoosha mkono ukutani bila hata kutazama, taa ikawaka, naye akaendelea kunisimulia habari za ndama wake. Mimi nilibaki nimeikodolea macho ile balbu mpaka akaniuliza, "Vipi mwanangu, umeona mjusi?" Nikamwambia hapana, kuna mtu nimemkumbuka. Akanipa viazi nimenye.

Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu wetu wa fizikia. Wewe uliyesoma miaka ile ya soko huria unaijua hali ilivyokuwa. Maduka ya Bariadi, ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu, yalifurika sabuni, kandambili na redio za kila rangi. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na malori yao, wakawa wanafukuzana vijijini hadi Sapiwi, kila mmoja na mizani yake. Vitu vilikuwa tele. Umeme tu ndio haukufika shuleni kwetu, nje kidogo ya mji, ambako wazazi walifyatua matofali wenyewe na sisi tukabeba maji ya kukandia udongo.

Nilikuwa kidato cha pili, nikiishi na bibi yangu, mama yake baba. Mwalimu yeye alikuwa kijana mwembamba kutoka ng'ambo ya ziwa, hana ndugu hata mmoja upande wetu. Alijitahidi kusalimia "mwadila" kama sisi, lakini aliivuta mno ile sauti hata wamama kisimani wakawa wanamwigiza na kucheka. Naye alicheka nao. Alipaswa kutufundisha kwa Kiingereza. Aliandika ubaoni kwa Kiingereza, akaeleza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokwama mmoja wetu alimalizia kwa Kisukuma.

Maabara hatukuwa nayo. Siku ya kwanza ya somo la umeme alitutuma tukaombe majumbani betri za redio zilizokwisha. Hazikukosekana, maana kila mzee alisikiliza bei ya pamba. Tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo, na zangu nilizianika juu ya bati, kando ya michembe ya bibi, vile vipande vya viazi vitamu alivyokausha kwa ajili ya kiangazi. Bibi alizitazama akasema, "Na hivi navyo nichemshe na karanga?"

Tulimenya nyaya kwa wembe, tukakata swichi kutoka kwenye mkebe wa maziwa, tukapigilia vyote kwenye kipande cha ubao. Balbu ilikuwa ya tochi. Ilipowaka mchana ule hatukuona kitu, jua lilikuwa kali mno, ndipo mwalimu akatufunika na blanketi lake, watu sita sita, vichwa vikigongana, jasho na harufu ya mafuta ya nazi. Humo gizani tuliona uzi mwekundu umeamka ndani ya kioo. Msichana wa nyuma yangu alipiga kigelegele kama yuko harusini. Mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani tunapigana.

"Umeme hauendi mahali ambapo hauna njia ya kurudi," alituambia. "Kateni waya wa kurudi, muone kama wa kwenda utasaidia."

Mvua zilipoanza, mwalimu alianza kukohoa. Tulidhani ni chaki. Shati lake likawa kama limetundikwa kwenye mti. Akawa anafundisha amekaa, halafu siku nyingine haji kabisa. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja kwa jina. Watu walisema tu "ugonjwa huu," kisha wakanyamaza. Wamama wa kisimani hawakumwigiza tena. Mama jirani yetu, aliyekuwa akimpelekea maziwa, aliacha, na kikombe alichonywea mwalimu kwenye sherehe ya shule kilitupwa shimoni mbele ya macho yetu.

Bibi alinipa chupa ya uji wa mtama nimpelekee kila niendapo shule. Mama jirani alimfuata uani.

"Mama, unamtuma mtoto kwa mgonjwa yule?"

"Namtuma."

"Huogopi?"

Bibi hakuacha kupepeta mtama wake. "Huko alikotoka ana mama yake," alisema. "Siku mama huyo akija kuniuliza kwa nini mwanawe alikufa njaa karibu na nyumba yangu, nimjibu nini? Utanisaidia wewe kujibu?"

Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa unakaribia na nusu ya somo la saketi ilikuwa bado. Hakuna aliyetuagiza, tulibeba tu vibao vyetu tukaenda kwake. Tulimkuta barazani juu ya mkeka, amevaa sweta katika jua lile la Bariadi. Alitaka kuinuka, akashindwa. Basi akatufundisha akiwa amelala ubavu, kwa sauti ambayo ilitubidi tuiname kuisikia.

Tulifunga balbu mbili kwenye njia moja. "Toeni moja," alisema. Tukatoa, na ya pili ikazimika. Kisha tukaipa kila balbu njia yake. "Haya, toeni moja sasa." Tukatoa. Ile nyingine ikaendelea kuwaka.

"Mmeona?" aliuliza.

"Tumeona, mwalimu."

Yule msichana wa kigelegele alianza kulia, tukamkonyeza anyamaze. Mwalimu alifumba macho, akasema, "Andikeni." Tukaandika.

Wiki iliyofuata kaka yake alikuja kumchukua. Walimpakia kwenye lori la mnunuzi wa pamba, juu ya marobota, kwa kuwa basi lilikataa kumbeba. Sisi tulikuwa darasani. Tulilisikia lori likinguruma kwenye tope, tukasimama madirishani, na mwalimu wa zamu akatuamuru tukae.

Kwenye mtihani swali la saketi lilitoka, lile lile la balbu mbili. Tulipoachiwa tulitoka tukipiga kelele za furaha, tukakimbia kundi zima, wala hatukuambizana tunakwenda wapi, mpaka tukajikuta barazani kwake. Mlango ulikuwa na kufuli. Kuku wa mtu walikuwa wamelala pale penye mkeka. Tulisimama tukihema, kisha mmoja mmoja tukaondoka.

Habari ya kifo chake ilisomwa mstarini asubuhi moja, baada ya tangazo la majembe. Kisha tukaenda kupalilia shamba la shule.

Bibi naye alishakwenda. Nyumba ile ya mwalimu ilibomolewa, pale pana ofisi yenye bati jekundu. Picha yake sina, na kaburi lake liko ng'ambo ya ziwa, sijui kijiji gani. Nimepata kazi, nimepata watoto, nimefika mbali na pale barazani. Lakini hadi leo hakuna aliyemwambia kwamba swali lilitoka, na kwamba darasa zima tulilipata.