Safari ya Ariwara Bila Magurudumu

Kabla ya vita Ambroise alikuwa dereva wa njia ya kati ya miji ya Bunia na Ariwara, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko gari. Kisha wenye bunduki wakaingia mtaa wetu wa Nyakasanza, wakang'oa magurudumu yote, wakaliacha gari juu ya matofali uani kwake. Mwingine angekufa kwa uchungu. Yeye alitafuta konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, akaanza kuchajia watu simu na kompyuta. Injini ya mazutu, yaani dizeli, ilikuwa nzima. Ukija na waya wako unamkuta nyuma ya usukani, anapaza sauti: "Ariwara! Ariwara! Iko nafasi moja!" Mimi jirani yake nilichoshwa na mzaha ule, na kila asubuhi nilicheka.

Siku moja akaja Vital, kijana wa shirika lililotafuta watu waliopotezana vitani. Kompyuta yake ilibeba nyuso na sauti za wakimbizi, ila betri ilikuwa imekufa. Bila waya haikuwaka. Alikuwa na ujumbe wa video uliorekodiwa kwa ajili ya Wivine, mpangaji wangu aliyekimbia kutoka Djugu. Wivine alikuwa amekwisha kumlia mama yake, akanyoa kichwa chote kwa matanga. Sasa aliketi kiti cha mbele, kompyuta mapajani, injini ikinguruma, na mama yuleyule akatokea kwenye kioo, nyuma yake soko la Ariwara.

"Wivine, mutoto wangu..."

Hapo doria ya askari ikafika barabarani. Dereva wa njia zetu akiona askari huzima injini na kuweka mikono juu ya usukani; vizuizi vimetufundisha hivyo. Ambroise akazima, Vital naye akausimamisha ujumbe. Gari lisiloweza kwenda popote! Askari wakasimama kuvuta sigara na kupiga soga, na betri kuukuu ya gari ikanyonywa mpaka kioo kikawa cheusi. Walipoondoka Ambroise akazungusha ufunguo: tik, basi.

"Papa Ambroise, mama yangu alikuwa anasema nini?" Wivine alilia. Ndege ya Vital ilikuwa inaondoka mchana ule.

Majirani wakaja mbio, wakaegemea nyuma ya gari. "Siye tutasukuma!"

"Mutasukuma nini?" nikafoka. "Haiko na mapine!"

Wakayatazama matofali, wakaangua kicheko. Ambroise peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama ile ngoma ya chuma iliyobaki pale gurudumu la nyuma lilipokuwa, ikining'inia hewani. Ya upande wa pili akaifunga kwa mnyororo, hii akaizungushia kamba ya kisima, akaingia ndani, akatia gia ili ngoma ikizunguka iizungushe injini.

"Vuteni!"

Tukavuta, hata mimi na mgongo wangu huu. Kwanza tulianguka rundo moja. Tukazungusha kamba tena, tukavuta, injini ikakohoa, ikashika. Ua mzima ukapiga vigelegele.

Vital akawasha kompyuta, na mama akaanza upya. "Wivine, mutoto wangu, niko muzima. Walisema weye ulikufa. Nilikataa kunyoa."

Wivine akashika kipara chake, akacheka na kulia kwa pamoja.

Ambroise akazunguka, akamfungulia mlango kwa adabu ya dereva. "Shuka, mama. Tumefika Ariwara."

"Bado," alijibu Wivine. "Murudishe ujumbe mwanzo kwanza."