Maji Kwenye Beringi

Nimewaambia watu wa Mtawanya mpaka nimechoka: gari lililotoka safari haliingizwi mtoni. Habu, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji yapite kwenye sili. Sili yenyewe ni kipira chembamba, na ikishachoka haizuii kitu. Grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa, chuma kinaanza kula chuma, na wewe uko juu unaimba na redio. Wananiitikia, kisha wanakwenda kuosha magari yao mtoni. Mwanamke, wanasema, atajua nini cha gari.

Kigari changu aliniachia marehemu mume wangu, pamoja na jeki na kopo la grisi. Beringi za mbele nilikuwa nazihudumia mwenyewe. Nazivua, naziosha kwa mafuta ya taa, nazikausha kwa kitambaa, halafu nashindilia grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Nikishazirudisha naikaza nati, kisha nailegeza kidogo, gurudumu lizunguke bila kubana na bila kucheza. Mwisho nalishika juu na chini nalitikisa. Likigonga, kazi bado.

Nilikuwa nakaa na mama yangu, msuka mikeka. Jicho lake la kulia lilishazimwa na presha ya macho, na la kushoto lilikuwa linafuata. Madaktari wa macho walipokuja Utete kwa wiki moja, walimpangia upasuaji siku yao ya mwisho, Ijumaa. Daktari aliniambia waziwazi kwamba jicho lile lisingengoja safari yao nyingine.

Sasa ndiyo aje mtani wetu. Ukoo wake ni wa bondeni, wa mtoni. Sisi asili yetu ni vilima vya Umatumbi, na utani kati yetu ni wa tangu mababu. Mtani akichukua jembe lako, hukasiriki. Akija msibani kwenu akajilaza kwenye jeneza, unacheka na kumbembeleza ainuke. Mtani huyo alikuwa akimwita mama yangu "mke wangu" mbele ya watu wote, na mama akifurahi. Basi wiki hiyo hiyo aliingia ndani, akachukua ufunguo ukutani, akasema ana harusi ya mwanawe Ikwiriri, gari litarudi Jumatano. Nilipopiga kelele, mama akaninyamazisha.

"Mtani hakatazwi, mwanangu."

Alirudi Ijumaa asubuhi, sisi tumeshavaa na basi la Utete limeshapita. Gari lilikuwa linang'aa.

"Umelioshea wapi?" nikamuuliza.

"Mtoni, kila jioni! Nikitoka nalo barabarani naliingiza moja kwa moja, linakunywa. Babu zenu si walishuka milimani kuja kuyaomba maji haya haya, wakati wa vita vya Maji Maji? Mie nimewapa bila kuombwa."

Mama alicheka. "Na maji yenu yalitufaa nini? Risasi zilipita vilevile!"

Mimi sikucheka. Babu yake mama aliyanywa maji hayo, akaenda vitani, hakurudi. Bibi yake alilea watoto kwa mizizi ya porini ilipokuja njaa baada ya vita. Kwao wawili jambo hilo lilikuwa la kutaniana, na mimi nimeuchukia utani huo tangu utotoni. Asubuhi ile niliuchukia zaidi, kwa sababu muda wa kufungua gurudumu sikuwa nao.

Tuliondoka hivyo hivyo. Mvumo wa gurudumu ulianza kabla ya Ikwiriri, wa chini, ukipanda na mwendo. Tulipovuka daraja ukawa mngurumo. Nyamwage, nilipokata kulia kuingia njia ya Utete, uzito wote uliegemea gurudumu la kushoto, likapiga ukelele mpaka mama akashika dashibodi. Nilipunguza mwendo, nikasogea hivyo hivyo, nikimtukana mtani wetu kwa sauti. Mbele kidogo nikaona moshi. Habu ilikuwa ya moto kiasi cha kuchemsha mate. Niliinua kwa jeki, nikatikisa, gurudumu likayumba kama jino bovu. Ndani, grisi ilikuwa uji mtupu.

Tulikaa kando ya barabara hadi alasiri, lori likatuchukua. Pale hospitali nesi alikuwa anakunja mashuka. Madaktari walishaondoka. Nilipopata njia ya kumfikisha mama Dar es Salaam, madaktari wa huko walimulika jicho la kushoto na kusema mshipa wake umeshakufa.

Beringi mpya nilifunga mwenyewe. Gari sasa halisikiki.

Mama anasuka kwa kupapasa, ila rangi hawezi kuzitenga. Mtani anakuja kila Ijumaa baada ya swala, anakaa chini barazani, anampangia ukindu: mwekundu huku, wa kijani huku. Hakosei hata mara moja. Nilikuwa nasimama mlangoni nikimngoja afanye mzaha wake, nipate sababu ya kumfukuza.

Siku moja mama alisimamisha mikono. "Mtani, mbona hunidanganyi? Zamani ungeshanipa wa kijani ukasema ni mwekundu, watu wakanicheka."

Mtani akainama. "Hapana, mama."

"Mama?" Mama aligeuza uso upande alikokaa mtani. "Mie mkeo leo nimekuwa mama yako?"

Mtani akaendelea kupanga ukindu. Mama akauweka mkeka chini, akajifunika kanga begani. Mtani aliondoka. Nilimfuata mpaka njiani na hasira zangu zote, nikamshika kanzu.

"Rudi," nikamwambia. "Rudi ukamdanganye."