Jani la Mpakani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia nikiwa nimekaa jikoni peke yangu, na siku hizi jikoni nakaa peke yangu sana. Nilikuwa msichana, hapa hapa Masama, na bibi yangu mzaa baba bado alikuwa na nguvu za kupanda juu kukata majani ya ng'ombe. Mfereji wetu wa maji ulikuwa umeziba huko juu msituni, migomba inakauka, na watu wakaitwa mkutanoni kumchagua mwenyekiti wa mfereji.

Akasimama bwana mmoja mwenye sauti nzuri. Jina lake silitaji, wajukuu zake wapo na ni watu wema. Hakusema lolote kuhusu majembe wala makoleo. Alisema maji yetu yanamalizwa na kyasaka. Hilo ndilo neno letu la kumwita asiye Mchaga, na ukilisikia likitamkwa unajua kabisa halina heshima ndani yake. Macho yote yakamgeukia Mama Zaituni, mjane aliyetoka tambarare akanunua kishamba kando ya chetu. Shamba lake ndilo lililokuwa la mwisho kupata maji, na mara nyingi hayakumfikia kabisa. Watu walipiga makofi. Mama Zaituni akajifunga kanga yake, akaondoka. Yule bwana alishinda, nisikudanganye.

Bibi hakupiga makofi, lakini hakusema kitu pia, na tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja mpakani akachuma jani la sale. Wewe uliyezaliwa mjini huenda unaona masale ni maua ya uzio tu. Sisi tumeyapanda mpakani tangu enzi na enzi, yaonyeshe kihamba, shamba la urithi la ukoo huu, kinaishia wapi. Na jani lake hilo hilo ndilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Bibi alilifunga fundo, akavuka kwenda kwa Mama Zaituni, nami nyuma yake.

"Bibi, kwani wewe umemkosea nini?" nikamuuliza.

"Nimekaa kimya," akasema. "Masale tuliyapanda tujue shamba linaishia wapi. Hatukuyapanda tujue mtu anaishia wapi."

Na mfereji? Ulibaki umeziba vile vile. Mwenyekiti alimnyima mama wa watu zamu yake ya maji, na migomba yetu ikaendelea kukauka, mpaka wanawake walipopanda wenyewe na majembe wakauzibua, Mama Zaituni akiwa katikati yao.

Nilidhani wanangu nimewafundisha jambo hili. Aminieli, kitindamimba wangu, yuko Marekani miaka mingi sasa. Anaendesha malori makubwa, ana uraia wa huko, na ndiye aliyenijengea nyumba hii ya vyumba vingi ambamo nalala chumba kimoja. Wakati wa uchaguzi wao alinipigia simu ya video, akanionyesha bango la mgombea wake alilolisimika mbele ya nyumba. Jirani yake, Mzungu, alikuwa amesimika lile lile. Aminieli alikuwa na furaha kweli. Alisema bei zimepanda, hospitali za huko zinamkamua, na huyu mgombea atawaondoa wageni wanaoharibu nchi.

"Na wewe, Aminieli, ni nani huko?"

"Mama, anawasema wale waliopita porini bila karatasi. Na hawa weusi wa hapa wasiopenda kazi. Sisi siyo wao."

Nikamuuliza mgombea huyo amesema nini kuhusu hospitali. Akarudia habari za wageni. Hasira ikanipanda, nikamwambia amekuwa mjinga wa kusafirishwa kwa ndege. Akakata simu.

Hakupiga tena. Desemba ikafika, magari ya wenzangu yakapanda mlima yakiwa yamejaa watoto, kila ua unachinja mbuzi. Mimi nilipika mtori wangu wa ndizi kwenye sufuria ndogo. Nilikuwa mpweke, mwanangu, sikufichi. Nilikuwa naiweka simu mezani naitazama, na kiburi kinaniambia mtoto ndiye aanze.

Alianza, kwa simu ya video tena, mvua zilipokuwa zimekolea. "Shikamoo, Mama." Sauti ilikuwa ndogo. Mbwa wa yule jirani alikuwa akivuka uzio na kuchimbua bustani yake. Alipokwenda kulalamika, jirani akamwambia arudi kwao Afrika mapema, kabla watu wa serikali hawajaja kumchukua. Mkewe na watoto walikuwa mlangoni wanasikia yote. Aminieli akamwonyesha bango, amkumbushe kwamba wako upande mmoja. Jirani akacheka.

"Mama, bango ni lile lile," alisema. Akarudia, "Lile lile."

Nilikuwa na maneno tele ya kumwambia, nimeyaweka akiba miezi yote ile. Nikamwambia asikate simu. Nikatoka na fimbo yangu mpaka mpakani, nikachuma jani la sale, nikalifunga fundo, nikaliinua mbele ya simu, maana nami nilimtukana. Alilitambua. Mtu mzima mwenye mvi akanyoosha mkono, akagusa kioo upande wake, akalia. Jani likabaki mkononi mwangu.

Mwanangu, anayetaka kura yako akikuonyesha mtu wa kumchukia, muulize habari za mfereji. Kule wanatenganisha watu kwa rangi, hapa kwa kabila na ukoo, na sumu ni ile ile. Ukijisikia raha kwa kuwa safari hii anayeitwa kyasaka si wewe, iogope raha hiyo. Na ukikaa kimya wenzako wakipiga makofi, nenda kwa uliyemkosea siku hiyo hiyo, kwa miguu, maadamu mlango wake uko karibu.

Mungu akupe maji yanayofika mpaka shamba la mwisho. Akupe jirani mwema, na wewe akufanye mwema kwa jirani. Ukipita Masama, ingia ule, hata kama hatujuani. Utaliona jani kavu lenye fundo juu ya meza. Usilitupe, ni la Aminieli.