Somo wa Bibi

Tok. Kisha kimya. Kisha tok nyingine, kavu, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa.

Ukungu wa Buhembe ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni Muleba kwa gari la kwanza, sanduku kichwani, nami sikuweza kukisia ni nani anayegonga kwetu asubuhi ile. Nilipopita kona ya jiko nikamwona: msichana mrefu wa Kizungu, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu, goti la kushoto limebanwa na soksi nzito. Alikuwa akipiga kijimpira cheupe kwenye ukuta wa stoo ya kahawa, kwa gongo lililopinda mwishoni.

"Shikamoo," akaniambia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilicheka mpaka sanduku likaanguka.

Mama alinieleza tukimenya ndizi. Mgeni alikuwa amepanga chumba cha uani kwa miezi michache, akifundisha michezo katika shule moja ya wasichana mjini. Kwao Uholanzi alichezea timu ya taifa ya mpira wa magongo, wanaovaa jezi za rangi ya chungwa. Goti likapasuka, likashonwa, akaambiwa apumzike. Kupumzika kwake ndiko kule, tok, tok, kila alfajiri. Jirani yetu hakuacha kutania juu ya ua: "Mama, nasikia mgeni wenu ni bingwa wa gongo. Analinywa au anauza?"

Nilimpenda kwa namna ninayoona haya kuieleza hata leo. Alinifundisha kuinama, kuushika mpira usitoroke, kuangalia mbele wakati mikono inafanya kazi yake. Mimi nikamfundisha kusema marahaba pale panapostahili marahaba. Alipenda sana kuuliza maana ya majina. Langu la nyumbani nilimweleza: nilizaliwa baada ya msiba, nikaitwa kwa neno la kusema tumefarijika. Akalirudia polepole, akaliandika kwenye daftari, chini ya majina ya wachezaji wenzake. Golikipa wao jina lake maana yake ni lulu. Wa pembeni, ambaye alimwogopa, jina lake linatokana na vita.

"Na lako?" nikamuuliza.

"La kwangu, la mama yangu na la bibi yangu ni jina moja lililokatwa vipande vitatu," akasema kwa Kiingereza, akicheka. "Ni la kwenye Biblia. Maana yake, Mungu ni kiapo changu."

Nililijua jina hilo. Nililiona kila sikukuu kwenye cheti cha ubatizo kilichotundikwa ukutani kwa bibi yangu mzaa mama, Buganguzi.

Likizo ilipokaribia mwisho nilimpeleka huko. Bibi hakuwa na Kiswahili kingi. Chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia kahawa na kununulia chumvi. Mambo ya moyoni aliyasema kwa Kihaya, kwa hiyo nikawa mkalimani. Alituletea akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani yake ambazo mgeni hutafuna kwanza kabla ya lolote. Nikamweleza habari ya jina. Bibi alisimama, akakitazama cheti chake, akamtazama mgeni, akapiga makofi mara moja.

"Huyu ni somo wangu, wa jina langu! Mbona mlimlaza Buhembe kama mpangaji?"

Siku hiyo hiyo akampa kigoda chake. Kwa siku tano walichambua maharage goti kwa goti, mmoja akisema Kihaya na mwingine Kiholanzi, wakinisahau mimi na ukalimani wangu. Bibi alilikanda lile goti bovu kwa maji ya moto na majani asiyoyataja. "Bojo, tafadhali, mguu huu nao umezidi kwa ukaidi," alilisemesha goti, "mtii mwenyewe."

Siku ya sita ikaja barua pepe kwenye simu ya mgeni. Timu ilikuwa inamwita akajaribiwe tena. Nilimwona akisoma chini ya mbuni, akifunika kioo kwa kiganja ili jua lisimzuie, na uso wake ukawa uso wa mtu ambaye tayari hayupo.

Kwa bibi kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Mlango haufungwi nyuma ya mtu wa kurudi. Muuza dagaa akitoka, unafungwa. Fundi akimaliza kazi, unafungwa. Lakini mimi nilipokwenda shule, mlango ulibaki wazi mpaka jioni, kuku waingie wakitaka. Siku ile mgeni akiondoka, bibi alisimama kizingitini, mkono juu ya komeo, akaniambia: "Muulize somo wangu, nifunge au niache?"

Nikauliza. Machozi yalimlenga mgeni.

"Mwambie siwezi kuahidi," akasema. "Sijui goti litanipeleka wapi. Sitaki kumdanganya. Mwambie ninamshukuru tu."

Nilimgeukia bibi. Nakumbuka buni ilikuwa bado mdomoni mwangu, chungu. Nikasema, "Anasema uache. Ameapa kwa jina lenu atarudi msimu wa senene."

Bibi akaondoa mkono kwenye komeo.

Sikufanya hivyo kwa ajili ya bibi. Ni mimi niliyetaka mlango ule ubaki wazi.

Msimu wa senene, panzi wa kuliwa, ukaja, ukapita. Bibi alizichambua, akazikaanga, akazikausha juani, akajaza chupa moja, akaiweka juu ya kabati. Yeye mwenyewe hakuonja kamwe. Wanawake wa umri wake walifundwa kuandaa senene, na wanaume ndio waliokula. "Ni za somo," alisema. Mwaka wa pili, chupa ya pili. Mimi nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikaanza kuandika hadithi na watu wakazisifu. Kila nilipofika Buganguzi nilihesabu chupa kabla sijaamkia. Na mgeni tuliandikiana, kwanza kila wiki, kisha sikukuu kwa sikukuu. Alicheza mechi tatu, goti likamwacha tena, akaacha, akaolewa.

Mwaka huu, bibi akiwa na ukungu kwenye jicho moja, alinishika mkono. "Chupa zimefika saba. Mpigie, nimwone."

Nilipiga. Mtandao ulitii mara ya kwanza, kwa bahati yangu mbaya. Akatokea, mnene kidogo, nywele fupi, mtoto begani. Alipiga kelele za furaha. "Shikamoo bibi!" Mtoto naye alikuwa amepewa kipande cha nne cha jina lile lile. Bibi alicheka, akagusa kioo kwa kidole, picha ikayumba.

"Kasinge waitu," akamsalimu. Kisha akanigeukia. "Muulize: je, amesahau kiapo chetu?"

Niliuliza. Sikuweza kuuliza kitu kingine, kidole chake kilikuwa juu ya kioo na jicho lake zima lilikuwa juu yangu.

Uso ule wa mbali ulitulia. "Kiapo gani?"

Kuku alipita mlangoni. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, kazi yangu ni maneno. Ningeweza kumrudisha msimu ujao kwa sentensi moja.

"Bibi," nikasema, "anauliza kiapo gani. Hakuapa. Alisema hawezi kuahidi, hataki kukudanganya. Niliapa mimi."

Bibi aliinama kwenye simu akazungumza kwa Kihaya, taratibu, kana kwamba mimi sipo. Alimwombea mtoto, akamwagiza mama yake amkande maji ya moto, akamwambia somo wake asihuzunike, njia ni ndefu. Mwenzake alitikisa kichwa akilia bila kuelewa. Hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Simu ilipokatika aliteremsha chupa zote saba, moja moja, akazipanga kwenye kikapu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni.

"Kazile wewe. Wasichana wa siku hizi mnakula."

"Bibi, nisamehe."

"Pikipiki yako inakungoja."

Nilitoka nimekumbatia kikapu, chupa zikigongana kifuani, tok, tok. Nilivuka ua nikitembea polepole kuliko inavyohitajika, nikisikiliza. Nilikuwa nimefika kwenye mgomba wa kwanza niliposikia komeo likiingia mahali pake.