Msiba Niliouficha Siku Sita

Mimi ni mtu wa mdomo. Kwetu Tanga walinijua hivyo, na hapa Dubai haukuisha mwezi wapangaji wenzangu wa International City nao wakanijua. Nililalamikia kila kitu: basi la kwenda metro linaloondoka ukiwa hatua kumi kutoka mlangoni, maziwa yanayoandikwa jina kwenye friji, majirani wanaokupita kwenye korido bila salamu utadhani umewatukania mama zao. Nilikuja kusomea ugavi, nikajikuta najifunza kuishi kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao, ukikohoa mtu wa upande wa pili anakupa pole. Mpaka leo sielewi ilikuwaje mdomo huo ukafungika siku ile niliyouhitaji.

Nililala chumba kimoja na msichana wa Moshi. Tulisoma chuo kimoja, yeye akiwa mwaka wa mwisho, na ndiye aliyenifundisha maisha ya hapa. Alinifundisha kutembea na sweta hata jua likiwa la kuunguza, kwa sababu darasani kiyoyozi hakina huruma. Alinifundisha kuwahi bafu kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na nikitaka kukaanga dagaa, nisubiri Wahindi wa chumba cha mbele waende kazini. Yeye Mlutheri, mimi Muislamu. Ramadhani alinipikia uji, Krismasi nikampikia pilau, tukaona tumeshajuana vya kutosha.

Baba yake alikuwa mgonjwa. Kila jioni alipiga simu nyumbani, na akimaliza alinipa habari kabla sijauliza: leo kala, leo kakaa nje kidogo, leo kamgombeza daktari. Alikuwa kifunga mimba wa mzee yule na hakuona haya kujidai.

Jumanne moja, mitihani yake ya mwisho ikiwa imeshaanza, kaka yake akanipigia mimi. Nilikuwa kituoni nasubiri basi. "Dada, mzee ametutoka alfajiri," akasema. "Mdogo wangu asijue kwanza. Ana mtihani mpaka Jumatatu, akiukosa mwaka wote umekwenda. Ndugu wote nimewaonya wasimwandikie. Wewe uko naye karibu, nakuomba umwangalie."

Nikampa pole, nikasema nimeelewa. Sikuuliza kitu kingine. Kwetu mtu akifariki alfajiri, alasiri watu wanatoka makaburini. Aliye ng'ambo anaambiwa taratibu, akishakaa, akishakula, kwa kuwa habari yenyewe haitamfikisha popote. Basi lilipofika, mimi kichwani nilishamzika mzee wa watu.

Jioni nilimweleza dada mmoja wa Mombasa aliyelala upande wa pili wa mbao, mlinzi kwenye jengo la maofisi kule Jumeirah Lake Towers. Nilitaka mtu mzima aniambie nafanya vizuri, na aliniambia.

"Washamzika saa hizi," alisema huku akivua viatu vya kazi. "Ukimwambia leo atafanya nini? Atalia, afeli, na babake harudi. Mwache amalize. Jumatatu tutakaa naye pamoja, inshallah."

Maneno hayo yalinikaa vizuri. Niliyatumia siku zote zilizofuata.

Kwa sababu zilikuwa siku mbaya. Kila jioni alipiga, kaka yake akapokea na kusema mzee amelala, dawa zinamlaza. Naye anageuka kuniambia, "Leo baba kapata usingizi." Mimi najibu, "Alhamdulillahi." Nililisema neno hilo nikiwa namtazama usoni. Usiku ananipa madaftari nimuulize maswali, akikosa anacheka, akipata ananipiga konzi, nami nacheka naye. Nilijichukia, lakini nilijiona pia jasiri, na hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka. Nilijihesabu kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake.

Jumamosi, mchana, aliniburuta madukani. Alitaka kumnunulia baba yake koti zito la kwenda nalo likizo, maana kwao Juni kuna baridi. Alinisimamisha katikati ya duka, akanivalisha koti la kijivu, akanizungusha. "Una mgongo kama wa baba," akasema. "Nyoosha mikono." Nikanyoosha. Akavuta mabega, akaangalia mikono kama inatosha, akasema hili hili. Nikatembea naye hadi kwa keshia nikijiambia zimebaki siku mbili tu.

Jumatatu alirudi kutoka mtihani akiwa mwepesi, ameshavua viatu mlangoni. Kaka yake alikuwa ameniandikia kwamba sasa naweza. Dada wa Mombasa alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, nikamshika mkono, nikamwambia baba hatunaye.

Hakulia. Alisimama, akavuta begi chini ya kitanda, akauliza, "Wanazika lini?"

Mimi na yule dada tukatazamana. Nikasema, "Si alishazikwa. Alifariki Jumanne."

"Jumanne ipi?"

Akampigia kaka yake, akaweka sauti wazi. Kaka alikuwa analia. Mzee alikaa mochwari siku nne, wakisubiri watoto wa Mwanza na shangazi wa Nairobi, akazikwa mgombani Jumamosi saa nane mchana. Saa nane ya kule ni saa tisa ya hapa. Saa tisa mimi nilikuwa dukani nimenyoosha mikono.

Ningejua kuwa mwili unasubiri, ningemwambia Jumanne ile ile, kaka atake asitake. Nilimwambia mwenzangu hivyo na ni kweli. Lakini swali lenyewe lilikuwa la maneno mawili, mtu wa mdomo kama mimi nikashindwa kuliuliza, kwa vile nilidhani watu wote wanazikana kama sisi. Kutoka hapa hadi kwao ni safari ya siku moja. Alikuwa na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Alikata simu, akakaa sakafuni karibu na begi. Baadaye binamu yake alimtumia picha ya wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kanisani kabla ya kwenda kaburini. Aliusoma mwenyewe kwanza, kisha akanisomea mimi mstari mmoja, polepole, bila hasira yoyote.

"Mtoto wake wa mwisho yuko masomoni Dubai, ameshindwa kufika kwa sababu ya mitihani."

Akaigeuza simu uso chini. "Wamesomewa wote," akasema. "Kanisa zima linajua nilichagua mtihani."