Mafuta Yasiyong'aa na Bibi wa Gwarama

Mtoto wa kaka wa mwanamke niliyefanya naye kazi zamani alinipigia simu kutoka Kasulu wiki iliyopita. Alisalimia kirefu, akauliza hali ya mvua huku kwetu, akauliza na wajukuu, na mimi nikajua mtu anayesalimia hivyo ana habari asiyotaka kuitoa. Mwishowe akasema, "Mzee, shangazi hatunaye." Walikwisha kumzika siku ileile baada ya sala ya alasiri, kwa utaratibu wa dini yake, nami nimebaki na pole ambayo sina wa kumpa isipokuwa ninyi wasomaji wangu. Mmenizoea nikizozana na wakubwa katika safu hii. Leo nataka niseme habari za mwanamke aliyekuwa akichanganya dawa za kupaka katika hospitali ya Kibondo, miaka ya sabini, wakati mimi nilikuwa bwana nyuki wa huko kabla sijaishika kalamu. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa watu wa kugombana kikazi, na nimekuja kuona uzeeni kwamba niliogombana nao kwa ajili ya kazi nawakumbuka kuliko wengi walionichekea.

Alizaliwa Kasulu, binti wa mwenye duka ambaye wazee wake walipanda huko kutoka pwani na mali zao, wakaoa Waha, wakakaa. Kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha nyumba ya dukani, safi na chenye makali, na Kiha cha kumtosha kugombana sokoni. Hospitalini wagonjwa walimwita sista, ingawa hakuwa muuguzi. Chumba chake cha dawa kilikuwa na meza, mizani, jiko la mafuta ya taa na makopo yaliyopangwa kwa ukali wa kijeshi. Katika kopo moja kulikuwa na chengachenga nyeupe, kama nta ya mshumaa iliyoparuzwa, hazina harufu wala ladha. Hizo ndizo wataalamu huziita alkoholi za mafuta. Zamani zilitolewa kwenye mafuta ya nyangumi, siku hizi hutolewa kwenye mawese na nazi, na kazi yake ni kusaidia kupatanisha maji na mafuta ndani ya krimu ili visiachane, na kuiacha ngozi laini bila kunata.

Likizo moja alichukua kopo dogo kumwonyesha baba yake kazi anayoifanya. Mzee akasoma kibandiko, akaliona neno alkoholi, akalishika kopo kwa vidole viwili na kulitoa nje barazani. "Katika nyumba hii hakiingii," akasema. Binti hakupaza sauti. Aliwasha jiko palepale barazani, akayeyusha zile chengachenga, akachanganya krimu mbele ya baba na wateja wawili waliokuja kununua chumvi. Kisha akasema, "Baba, hii hata ukila kilo nzima hulewi. Utaharisha tu." Mzee aliipaka mgongoni mwa mkono, akanusa, akanusa tena, akaruhusu kopo lirudi ndani. Nakitaja kisa hiki kwa sababu hata leo, juzijuzi tu, nimemwona msichana dukani akirudisha chupa ya losheni rafuni kwa kuogopa neno hilohilo, eti litamkausha ngozi. Iko alkoholi nyepesi inayokausha, ni kweli, ile ya kusafishia vidonda. Hii nzito ni jamaa yake wa mbali tu, na tabia zao hazilingani.

Lakini krimu ile haikuwa ya urembo. Ilikuwa ya watu wenye ukoma, na hapo ndipo nilipomfahamu. Ukoma ukishaua hisia za mguu, mguu hautoi jasho tena. Ngozi hukauka, hupasuka kisiginoni, na mwenyewe hasikii. Ufa unaingia uchafu, unakuwa kidonda, kidonda kinafika mfupani, na kidole kinakwenda. Vidonge vilikuwapo vya kupigana na ugonjwa wenyewe, ila ngozi ilibaki kuwa kazi ya mikono: loweka mguu majini, paka mafuta mazito yafungie yale maji ndani, rudia kesho. Sista aliwaandalia krimu hiyo kwa wingi, akaigawa katika vikopo, akawafundisha. Wengi waliitikia vizuri mbele yake. Wakifika nyumbani walikuwa hawaipaki.

Sababu yake mgeni asingeijua. Kule kwetu juu, mtu aliyetunzwa huonekana kwa kung'aa. Mtoto anayetolewa nje hupakwa samli mpaka mashavu yanapokea jua, na bibi harusi vivyo hivyo, na mama yake pia, kwa sababu mama aliyepauka siku ya kumtoa binti amesema mbele ya watu kwamba nyumba yake imekwisha. Sasa ile krimu nzuri ya chengachenga nyeupe ilikuwa na sifa moja ambayo wenzetu wa mijini wanailipia: inazama ndani ya ngozi na haiachi mng'ao. Ngozi inakuwa laini lakini imetulia, haina makeke. Wagonjwa waliona wamepewa mafuta yaliyokufa. Bibi mmoja wa kijiji cha Gwarama, aliyelazwa na ufa mbaya kisiginoni, alimrudishia kikopo chake mbele yetu sote tuliokuja kutazama wagonjwa. "Mwana wanje," alimwambia, yaani mwanangu, "hii amavuta yako ngozi inakunywa yote, mimi sibakiziwi kitu. Unipe ya kuonekana."

Alipotoka hospitali akarudi kwenye samli yake. Na samli ina harufu, na harufu huita panya, na panya akiguguna kidole kisichosikia, mwenye kidole haamki. Bibi yule aliletwa tena akiwa amepungukiwa na kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nilikuwapo hospitalini siku hiyo kwa shughuli yangu nyingine, nikamwona sista akikifungua kitambaa alichofungwa mguuni.  Bibi ndiye aliyesema, na wala hakukililia kidole. Alisema binti yake wa mwisho anaolewa mavuno yakimalizika, na kwamba ataondoka hapo aende akamtoe, kwa mguu huo au bila mguu, na siku hiyo atapaka samli hata panya wa Gwarama yote waje wamsindikize. Mganga wa wilaya, daktari wetu, alikwisha kutueleza kwamba kidonda kikipata ufa mwingine, mguu wote utakatwa. Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa: bibi aliyeona aibu ni kubwa kuliko mguu wake, na mchanganya dawa mwenye krimu asiyoitaka mtu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, chengachenga zikaisha. Ilikuwa miaka ile ya mwishomwisho ya sabini ambayo wenye umri wangu wanaikumbuka kwa foleni, sabuni ilipokuwa zawadi ya kupeleka ukweni. Barua ziliandikwa, majibu yakaja kwamba tusubiri. Wengine wetu tulikuwa hodari sana wa kusubiri. Yeye alinifuata ofisini akasimama mlangoni. "Bwana nyuki, nataka nta."

Nikamwambia nta yote safi inakwenda chama cha ushirika, na ya ushirika inakwenda nje, na mimi sina ruhusa ya kugawa hata kipande. "Sikuomba ya ushirika," akasema. "Nimeomba nta. Hizo alkoholi ninazozisubiri kutoka ng'ambo, nyuki anazo ndani ya nta yake, zimefungamana na vitu vingine. Haitakuwa sawasawa na ile. Lakini itashika maji." Nikamuuliza kama amewahi kuijaribu. "Hapana," akasema, "ndiyo maana naitaka." Tuligombana kidogo, nikashindwa, kama kawaida.

Nta aliipata mahali ambapo sisi wataalamu wa nyuki tulikuwa tukipita kila siku tukiishia kuhubiri. Kibondo nzima watu walikuwa wakitengeneza pombe ya asali. Masega yanalowekwa, utamu unatoka, na masega yenyewe yanamwagwa nyuma ya nyumba kuwa chakula cha kuku na siafu. Nilizunguka na baiskeli, nikafika hadi Nyabibuye nikiomba makapi. Mama mmoja mpika pombe alinitazama na gunia langu, akawaita wenzake waje waone. "Eeh, bwana nyuki! Jana mlituambia pombe mbaya, leo serikali inataka mpaka takataka zake?" Walicheka mpaka nami nikacheka, wakanijazia gunia. Sista aliyachemsha yale masega majini, akayachuja kwa kitambaa mara kadhaa, na nta ikaganda juu, ya manjano, yenye harufu ya moshi na msitu.

Mchanganyiko wa kwanza ulikatika. Maji yalikaa chini, mafuta juu, kila mmoja na lwake. Wa pili ulishikana, kwa sababu alitia sabuni iliyoparuzwa ya kuvisuluhisha, ila sabuni ilikuwa ya kienyeji, kali ya majivu, na yeye alikuwa na desturi ya kuanza na ngozi yake. Mkono wake ulivimba na kuwa mwekundu kutoka kiwiko hadi kiganja. Nilimwambia aache, watu wamekwisha kuona amejitahidi. Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akaniambia. "Wewe kesho utavaa viatu kwenye miguu yako yote miwili."  Siku iliyofuata aliparuza kipande cha sabuni yake mwenyewe ya kuogea, ile ya manukato iliyotoka dukani kwa baba yake na ambayo wanawake wenzake wangeificha chini ya kitanda. Akapasha nta na mafuta kwenye sufuria moja, maji kwenye nyingine, vyote kwa moto uleule, akamimina polepole, akakoroga hadi sufuria ikapoa. Ikatokea krimu nzito ya rangi ya siagi. Haikukatika siku hiyo, wala wiki iliyofuata.

Yule mganga wa wilaya, mtu wa mikoa ya kusini, mpole lakini mwenye kufuata utaratibu, alipopata habari aliingia chumba cha dawa. "Hospitali si jiko," akasema. "Kitu hiki hakimo katika maelekezo yetu."

"Ni kweli, mganga," sista akajibu. "Basi niandikie wewe, yule bibi apake nini."

 Mganga akakunja mkono wa shati. "Anza na mimi," akasema. "Ikinichoma, tunaimwaga." Haikumchoma. Nimemheshimu mtu yule tangu hapo, kwa sababu ni rahisi mkubwa kukataa na ni rahisi pia kuruhusu na kujiweka kando. Kutoa mkono wako mwenyewe ni jambo jingine.

Siku tatu baadaye, mkono wa mganga ukiwa salama, bibi wa Gwarama aliloweshwa miguu, akapanguswa, akapakwa. Na hapo lilitokea jambo ambalo mchanganyaji mwenyewe hakulipanga, maana yeye alikuwa akihangaikia ufa tu. Nta ya nyuki haizami yote. Inabaki juu ya ngozi, tabaka jembamba, na tabaka lile linapokea mwanga. Bibi aliunyoosha mguu kuelekea dirishani. Akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, kidonda chake na pengo lake la kidole vyote vikionekana. "Eeh," akasema taratibu. "Sasa nimepakwa." Sista aligeuka ukutani kama mtu anayetafuta kopo, akakaa huko kitambo. Alikuwa analia, na siku nyingi baadaye hakunisamehe kwa kuwa nilimwona.

Hakuishia kufurahi. Alijua nta nayo ina harufu yake, akamwamuru bibi kuiosha jioni na kulala amefungwa miguu kwa kitambaa safi, tena akamtafutia paka wa kwenda naye Gwarama. Mavuno yalipoisha bibi alikwenda kumtoa binti yake. Mimi na sista tulialikwa, tukapanda lori la pamba lililokuwa likienda upande huo. Mama wa bibi harusi alikaa mahali pake, mbele, juu ya mkeka, miguu imenyooshwa makusudi ili kila anayepita aione. Iling'aa. Wazee waliinama kumsalimia, na wanawake ambao zamani walikuwa wakikaa mbali naye walikaa kandokando yake. Mguu ule haukukatwa. Aliishi nao hadi alipofariki kwa uzee, miaka mingi baadaye.

Chengachenga nyeupe kutoka ng'ambo zilirudi hatimaye, na ni nzuri. Sista mwenyewe alizitumia tena na hakuwa na kasumba ya kudai cha kienyeji ndicho bora. Siku hizi maduka ya Kasulu yamejaa chupa za kila rangi, na vijana wetu wanasoma vibandiko na kujadili kipi kinazama na kipi kinang'aa. Nafurahi wanasoma. Ila naona pia jinsi tunavyopeleka vitu kwa watu, mbegu, vyandarua, masomo, kisha tunashangaa kuvikuta vimetupwa pembeni, na tunaandika kwamba wananchi hawana mwamko. Mwanamke aliyezikwa wiki iliyopita hakuwahi kuandika hivyo hata mara moja. Kikopo kiliporudishwa mkononi mwake alikichukua, akarudi kwenye jiko lake, akaanza upya. Dawa ambayo mgonjwa anaona aibu kuitumia bado haijawa dawa, na aliyeitengeneza hana ruhusa ya kupumzika.