Mwaka wa Kuzaliwa wa Ubaid

Ruqaiya ni mjane wa mtaa wa Kaptembwo, muuza viazi karai vya kukaanga kibandani, na kwa miaka sita alilea mtoto aliyepungukiwa miaka miwili.

Jambo lenyewe lilianza kwa mapenzi, kama makosa mengi ya wazazi. Ubaid alikuwa darasa la sita shule ilipodai cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho. Alizaliwa Januari 2008, katikati ya zile ghasia za baada ya uchaguzi, na nani siku hizo alikumbuka makaratasi? Shemejiye Abdisalam, mjuzi wa kila lisilomhusu, akamshauri, "Andikisha 2010. Hawa watoto wakienda kuandikwa polisi wanaambiwa wamezeeka." Nusu ya mtaa ilikuwa imefanya vivyo hivyo. Ruqaiya akaandikisha 2010, akarudi nyumbani akijiona mama mwerevu.

Lakini Ubaid hakuutaka upolisi, alitaka mpira. Kufikia kidato cha nne alikuwa winga wa kulia wa shule yao, na mabeki wa kaunti nzima walimjua kwa jina.

Alhamisi moja kocha wake, Mwalimu Ngigi, alifika kibandani akicheka peke yake. "Mama Ubaid, Jumamosi tuna mgeni kutoka Nairobi. Anatafuta vijana wa timu ya taifa, under-seventeen, wasiozidi miaka kumi na saba. Akimpenda, wanampiga picha ya mkono, mfupa uonyeshe umri."

"Na mfupa ukikataa?"

"Kuna mmoja wa Molo ulimkataa mwaka jana. Amefungiwa miaka mitatu, hata timu ya mtaa hawezi kuchezea. Sasa anapakia viazi kwa lori. Lakini wetu ana cheti, sisi hatuna wasiwasi."

Ruqaiya aliunguza karai zima.

Jioni alimweleza mwanawe kwamba anataka kusema ukweli. Ubaid hata hakuinua macho. "Mama, usiniharibie. Wasee wote wa timu wako hivyo."

"Mfupa haudanganywi, Ubaid."

"Basi nyamaza tu. Please."

Akanyamaza, lakini moyo haukunyamaza. Ijumaa kutwa, kila mteja aliponyoosha mkono kupokea viazi, Ruqaiya aliukodolea macho, akijiuliza mfupa unasemaje humo ndani. Mteja mmoja akamuuliza kama anaitamani saa yake. Ruqaiya hakucheka. Akilini aliona lori la Molo, na juu ya magunia amekaa mwanawe.

Jumamosi alifika uwanja wa shule mapema, akasimama nyuma ya goli. Mama wengine waliomba goli, yeye aliomba mwanawe ateleze. Ubaid hakuteleza. Alifunga la kwanza dakika ya kumi, la pili kwa kichwa, na uwanja ukalipuka. Afadhali angecheza vibaya, arudi nyumbani akiwa amenuna, mambo yaishie hapo!

Hayakuishia hapo. Mechi ilipokwisha, Mwalimu Ngigi alimleta mgeni, mwanamke mrefu aliyeitwa Madam Jepkorir. Mkononi ana fomu. Bila idhini ya mzazi hakuna picha ya mkono.

"Hongera, mama. Jaza jina la kijana, mwaka aliozaliwa, halafu sahihi."

Ubaid alisimama nyuma yake akihema, jasho linamtoka. Ruqaiya aliandika jina vizuri kabisa. Kisha kalamu ikasimama. Tarakimu mbili tu zilibaki kumaliza mwaka. Akaandika 2008.

Madam Jepkorir akasoma. Akatazama nakala ya cheti. "Hapa iko 2010. Umekosea, mama?"

"Hapo sijakosea. Nilikosea siku niliyoenda kuchukua cheti."

Mwalimu Ngigi alijishika kichwa. Madam Jepkorir akaipasua fomu vipande vinne.

"Umesema kabla ya picha, kwa hivyo mimi sijaona kitu, na hatafungiwa. Rekebisheni cheti. Huyu kijana ni mzuri sana, lakini umri umempita, siwezi kumchukua." Akaondoka kumtafuta mwingine.

"Nilikuambia unyamaze," Ubaid alisema. Hakupiga kelele. Alivua viatu vyake vya mpira, akavifunga kamba, akavitupia begani na kushika njia peku.

Ruqaiya alimfuata hatua ishirini nyuma, njia nzima hadi Kaptembwo, akiogopa kumwita asije akakataa kugeuka.